Bastola Imepona, Baruti Ndiyo Maiti

KAULI YA GATINI, na Mzee wa Gati

Kamati ya Chai imerudi. Wasomaji wa safu hii mnaijua: ndiyo ile iliyozindua choo kabla ya kuchimba shimo. Safari hii imekabidhiwa michezo ya watoto, UMITASHUMTA ngazi ya kata, hapahapa Baleni, kisiwani Mafia. Wazazi wakachanga. Nilidhani tutaona chokaa ya kuchorea mistari, au angalau pipa la maji ya kunywa. Kamati ikanunua bastola.

Tulieni, si ya kuua. Ni ile ya kuanzishia mbio: rivolva yenye silinda ya matundu sita, mtutu wake umezibwa kwa chuma tangu kiwandani, inakula fataki ndogo za kutoa mlio na moshi. Imenunuliwa mtumba Dar es Salaam kwa fedha ambayo, kwa hesabu ya mwalimu wa michezo, ingeleta mipira minne. Ikavushwa kwa boti kutoka Nyamisati imeviringishwa ndani ya khanga kama mwali. Hakuna aliyeifyatua kabla ya kulipa. Muuzaji alisema ilikuwa inafanya kazi Ulaya. Naamini kabisa. Ilipoacha kufanya kazi Ulaya ndipo ikaanza safari ya kuja kwetu.

Nasema mapema ili tusipotezeane muda: kuwasimamisha watoto juani ili wakubwa wafufue chuma ni upuuzi, na ukipambwa kwa jina la utaalamu unazidi kuwa upuuzi.

Hebu sikilizeni ilivyokuwa. Watoto wa mita mia moja walikuwa mstarini jua likiwa bado la adabu. Mwanzishaji, mwenye kofia mpya, akainua mkono. "Kwenye mistari!" Wakainama. "Tayari!" Wakanyanyua viuno. Akavuta kifyatulio. Tik. Msichana wa njia ya tatu akaanguka kifudifudi kwa kungoja. Wakarudishwa. Tik. Wakarudishwa tena. Mvulana mmoja, peku, akauliza kwa heshima zote, "Mwalimu, hiyo tik ndiyo yenyewe?" Mtoto yule angepewa uenyekiti wa kamati palepale.

Kisha likatokea lililonipandisha damu. Mjumbe mmoja, mtu mzima mwenye wajukuu, aliichukua ile bastola, akaigeuza, akaweka jicho kwenye mtutu achungulie kuna nini. Nilipiga kelele hadi kuku wa jirani wakahama. Fataki iliyogongwa ikakataa haijafa. Inaweza kuchelewa, ikalipuka baadaye kidogo. Unaielekeza bastola chini, mbali na watu, unahesabu nusu dakika ndipo unaigusa. Tena kwenye bastola za namna hii, kwa vile mtutu umezibwa, moto na gesi hutafuta njia ya juu au ya ubavuni, palepale ambapo mtu asiyejua huweka vidole. Mjumbe akanitazama kwa huruma. "Mzee wa Gati, hii ni ya michezo tu." Sawa. Na jicho nalo ni la mapambo tu.

Ushauri ukaanza kumwagika. Huyu anasema ipigwepige kwenye gogo. Yule anasema ipakwe mafuta ya nazi. Kumbe ilishapakwa usiku uliopita, kikombe kizima, maana sisi watu wa Mafia hatujui ugonjwa usiotibika kwa mnazi. Watoto wakahamia chini ya mwembe. Kamati ikahamia kwenye chai.

Mwishowe akaitwa fundi baiskeli. Naomba msomaji uvue kofia hapa, kwa sababu tangu asubuhi hiyo ndiye mtu pekee niliyemwona akifanya kazi yake. Hakusema "naijua". Alisema, "Mwalimu, sijawahi kufungua kitu hiki. Nileteeni kwanza zile fataki zilizokataa." Akazipanga juu ya kigae, akaziangalia kila moja mgongoni. Alama ya pini ilikuwa katikati kwenye chache, lakini hafifu. Kwenye nyingine ilikuwa pembeni kabisa. Akainua kichwa akatoa hukumu bila kugusa bisibisi: maradhi ni mawili. Alama hafifu maana yake kinyundo hakina nguvu, ama springi imechoka, ama kuna uchafu unaokizuia. Alama ya pembeni maana yake silinda haifiki mahali pake kabla kinyundo hakijashuka. Hapo ndipo nilipojua kwa nini baiskeli za kata hii zinatembea na mipango haitembei.

Akaifungua. Ndani mlikuwa na masizi yaliyoganda, na lile kombe la mafuta ya nazi lilikuwa limeyakoroga yakawa uji mweusi. Akachukua mswaki mkuukuu na mafuta ya taa, akasugua. Kisha akaomba maji ya moto na sabuni. Kamati ikaruka: "Unaiharibu! Chuma na maji wapi na wapi?" Fundi akawajibu kwa upole ambao mimi sina. Fataki nyingi za aina hii, zikiungua, huacha chumvi. Chumvi huvuta unyevu, na hewa ya kisiwa ina unyevu wa kutosha, kwa hiyo kutu huanza siku hiyohiyo. Mafuta hayayeyushi chumvi, yanaifunika tu iendelee kula chuma kwa siri. Maji ya moto ndiyo yanayoiondoa, kisha unakausha vizuri, ndipo unapaka mafuta, tone moja la mafuta mepesi ya cherehani. Aliyeiuza hakuwahi kuiosha. Aliipaka tu ing'ae dukani.

Springi ya kinyundo ilikuwa imelala. Akaweka washa ndogo chini yake ili ibanwe zaidi. Kile kidole kinachosukuma silinda izunguke kilikuwa kizima, ila springi yake, nyembamba kama unywele, ilikuwa imekatika. Akavunja kiberiti cha gesi kilichokwisha, akatoa springi, akaikata, akaijaribu, ikagoma, akaikata nyingine. Silinda ikaanza kuzunguka na kukaa, tak, tak, tak, kila tundu mbele ya pini.

Nikiri kwamba kuna raha kuangalia kazi ya namna ile. Na kufufua silaha zilizokufa si jambo geni upande huu wa bahari. Januari 1915 Waingereza walikichukua kisiwa hiki, na ni kutoka hapa ndege zao ziliruka kwenda kuichungulia manowari ya Kijerumani Königsberg iliyojificha kwenye delta ya Rufiji. Iliposhindwa, Julai 11 mwaka huohuo, Wajerumani waliizamisha wenyewe, kisha wakarudi kimyakimya wakaing'oa mizinga yake yote kumi. Ikapelekwa Dar es Salaam, mafundi wakaitengenezea magurudumu, ikapigana nchi kavu kwa muda mrefu. Mmojawapo mpaka leo umekaa nje ya Fort Jesus, Mombasa, watalii wanaegemea. Lakini wale walikuwa wamezingirwa, vita juu yao. Sisi tulikuwa na mbio za darasa la tano, na mbao mbili za kugonganisha zingetosha kuzianzisha.

Kwa nini mbao, si filimbi? Ngoja niseme jambo ambalo kamati nzima haikulijua, ingawa ilikuwa na fulana zenye maandishi. Bastola ya mbio haikuwekwa kwa ajili ya mlio peke yake. Iliwekwa pia kwa ajili ya moshi. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde. Mpima saa aliyesimama mwisho wa mita mia moja akingoja kusikia, anabonyeza saa yake karibu sekunde 0.3 baada ya mtoto kuondoka. Kwa hiyo hufundishwa kutazama moshi, kwa sababu moshi anauona papo hapo. Filimbi haina moshi. Mtoto anayeanzishwa kwa filimbi anaandikiwa muda mzuri kuliko miguu yake, anasifiwa kata nzima, anavushwa kwenda mkoani, anafika anapimwa sawasawa, kisha anaulizwa mbona umeshuka. Hajashuka. Alipunjwa ukweli huku nyumbani.

Na sekunde 0.3 si kitu kidogo. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu wetu alichukua dhahabu ya dunia ya marathoni. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenganisha, baada ya kilomita 42 na ushei, kilikuwa sekunde 0.03. Tunayoimwaga Baleni kwa uzembe ni mara kumi ya hiyo, katika mita mia moja tu.

Wakubwa wa mchezo wenyewe walishaiacha bastola ya baruti. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012 mwanzishaji alishika kifaa cha umeme, na sauti ikatokea kwenye spika nyuma ya kila mkimbiaji, ili wa njia ya mbali asisikie baada ya mwenzake. Basi sisi tumenunua walichokiacha, tena kibovu, tena bila vipuri, tukaita kisasa.

Turudi kiwanjani. Jua sasa lilikuwa limekosa adabu. Fundi akapakia fataki tatu, akaelekeza chini, akafyatua. Tik. Tik. Pa! Mlio ulipotoka, watoto waliokuwa wamelala chini ya mwembe waliruka wote wakakimbia, wengine na bakuli za uji mkononi, darasa la pili likaongoza. Ndiyo mbio pekee iliyoanzishwa na bastola ile, na hakuna aliyeipima.

Fundi akazitoa zile mbili zilizokataa, akaziangalia. Alama nzito, katikati kabisa. Akaifuta bastola kwa kitambaa, akaiweka mezani. "Mwalimu, bastola yenu imepona. Baruti ndiyo maiti." Kisanduku cha fataki kilikuwa cha miaka mingi, na kilivuka bahari kikiwa wazi ndani ya kikapu cha mtu. Mjumbe yuleyule wa jicho akapendekeza zikaushwe kwenye jiko la chai. Safari hii sikupiga kelele. Nilinyanyuka nikaenda kukaa mbali na jiko.

Aliyetuokoa ni bi mkubwa mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuja kumchukua mjukuu wake. Akauliza, "Kwani zile mbao zangu ziko wapi?" Zikatafutwa stoo: mbao mbili zimeunganishwa kwa bawaba, ndani zimepakwa rangi nyekundu. Ukizifungua juu ya kichwa wapima saa wanaona wekundu, ukizigonganisha wekundu unapotea na mlio unatoka, vyote kwa pamoja. Gharama yake ni misumari. Mwanzishaji mwenye kofia mpya alisita kuzishika, akasema si za kitaalamu. Bi mkubwa akamwambia, "Mwanangu, shika." Akashika. Mbio zote za mita mia, mia mbili na kupokezana zikaisha kabla ya alasiri.

Mngedhani habari imeishia hapo. Ule mlio mmoja ulikuwa umesikika mbali, na askari akaja na pikipiki kuuliza kwa upole tu ni nani mwenye kitu hicho na karatasi zake ziko wapi. Nchi hii ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kamati iliyonunua kitu chenye umbo la bastola ingeuliza kabla, hata kama kinakula fataki. Ikatolewa risiti. Imeandikwa kwa kalamu: "Vifaa vya michezo, 1." Mwaka 2023 serikali ilitoa miezi miwili, Septemba na Oktoba, watu wasalimishe silaha zisizo na kibali bila kushtakiwa. Nilivyoiona sura ya mwenyekiti, angeomba Oktoba irudi hata kwa dakika kumi. Askari akaondoka nayo, imeoshwa, inazunguka vizuri, ina mafuta ya cherehani.

Jioni kamati ikafanya tathmini, na mimi nikaingia bila mwaliko kama kawaida yangu. Ripoti inasema michezo ilifana na changamoto ilikuwa hali ya hewa. Imependekezwa mwakani inunuliwe bastola ya pili, ya akiba. Chai, maandazi na usafiri wa wajumbe vimelipwa siku ileile. Fundi anadai elfu tatu na kiberiti kimoja. Ameambiwa aandike barua.