Dawa ya Maumivu Sio Unga, Mabosi wa Mjini Tulizeni Boli

Ubuyu wa wiki hii ni mchungu kidogo. Mtangazaji mmoja wa kike, jina kapuni, wa kipindi cha asubuhi kinachosikilizwa sana kwenye daladala, amesimamishwa kazi. Chanzo ni kipande cha video kisichofika hata sekunde ishirini, kilichopostiwa na mtu wa hukohuko studio, kinachomwonyesha bibie akisoma meseji za wasikilizaji huku macho yakimfunga. Mpaka saa sita mchana mjini ilishajulikana kwamba dada "keshakula kitu". Mpaka jioni alikuwa teja kamili, na wapo waliodai walishamwona mitaa fulani na watu fulani. Mjini hapa ushahidi haununuliwi, unatengenezwa bure.

Siku mbili baadaye ofisi ikamwambia afungue mkoba mbele ya watu watatu. Ndani wakakuta bahasha ndogo ya dawa, zile za hospitali zenye jina la mgonjwa na maandishi ya 1x2, na ndani yake tramadol. Kesi ikaisha hapo, kwa mtazamo wa bosi.

Walio karibu naye wanasema dada ana selimundu tangu utotoni na ofisini hakuna aliyekuwa anajua. Usiku wa kuamkia siku ile maumivu yalimkamata, akapelekwa hospitali, akatundikiwa maji, akapewa dawa, na saa kumi na moja alfajiri akaenda kazini moja kwa moja. Kwa nini hakulala nyumbani? Kwa sababu nafasi yake ya asubuhi ina watu wanaoivizia, na mmoja wao ndiye aliyeshika simu kurekodi.

Sasa tuweke umbea pembeni kidogo, maana hapa kuna mambo ambayo kijana yeyote mwenye ajira anatakiwa kuyajua kabla hayajamkuta.

Kwanza hiyo selimundu yenyewe. Tanzania ni moja ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nayo. Makadirio yanayotumika na wataalamu ni watoto 11,000 hivi kila mwaka. Wengi wanakua, wanasoma, wanaajiriwa, wanakaa meza ya pembeni yako. Chembe za damu zikijikunja na kuziba mishipa midogo, mtu anapata maumivu ambayo Panadol haiyagusi. Ngazi ya dawa inajulikana: unaanza na parasetamo, unapanda kwenye brufen au diclofenac, ikishindikana unaingia kwenye tramadol au kodeini, na mwisho kabisa mofini. Hiyo ngazi Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 1986 kwa ajili ya wagonjwa wa saratani, na hospitali zimeitumia kwa maumivu mengine pia. Kwa hiyo mtu mwenye tramadol kwenye mkoba anaweza kuwa teja, ni kweli. Anaweza pia kuwa mtu aliyevunjika mguu, aliyefanyiwa upasuaji, mwenye diski ya mgongo, au huyu dada. Bahasha yenye jina lake na tarehe ya juzi ingetosha kumfanya bosi mwenye akili aulize swali moja kabla ya kutoa hukumu.

Tatizo ni kwamba tramadol ina jina baya mtaani, na jina hilo halikuja bure. Vijana wanaimeza kupata nguvu ya kubeba mizigo, wengine kwa starehe tu, na mamlaka zinawasaka wanaoiuza kiholela. Mabosi wanasikia jina wanapata joto. Lakini dawa ileile ina njia mbili za kufika mfukoni kwa mtu, ya daktari na ya kichochoroni, na ajira ya mtu haiwezi kuamuliwa kwa kusoma jina la kidonge tu.

Halafu kuna hiki kitu cha kupima mkojo, ambacho kampuni za mjini zimeanza kukipenda. Ofisi ya bibie nayo inasemekana ilitaka apimwe. Wengi wanadhani kile kipimo kinasema mtu alikuwa amelewa. Hakisemi hivyo. Kinasema kuna mabaki ya dawa mwilini, basi. Tramadol inaweza kuonekana kwenye mkojo siku kadhaa baada ya usingizi wake kuisha. Na kichekesho kikubwa zaidi: kodeini ikiingia mwilini, sehemu yake inageuka kuwa mofini. Heroini nayo inageuka kuwa mofini. Kwa hiyo aliyetumia kodeini aliyoandikiwa na daktari na aliyevuta unga wanaweza kusomeka sawa kwenye kile kikaratasi cha haraka, hadi sampuli ipelekwe maabara kwa kipimo cha kina. Upande wa pili, vikaratasi vingi vya kawaida havioni tramadol kabisa kama havikutengenezwa kwa ajili yake. Yaani unaweza kumfukuza mgonjwa wa kikohozi ukamwacha mla tramadol wa kichochoroni akienda zake anapiga mluzi. HR anayeshikilia kikaratasi hicho kama hukumu ya mahakama kuu anahitaji semina.

Tuje kwenye sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema mwajiri akimwachisha mtu kazi lazima athibitishe mambo mawili: sababu ya msingi na utaratibu wa haki. Mzigo wa kuthibitisha ni wa mwajiri. Kusimamishwa kupisha uchunguzi kunaruhusiwa kama tuhuma ni nzito, lakini kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinasema ni kwa mshahara kamili. Huyu bibie, kwa mujibu wa watu wake, aliambiwa "kaa nyumbani, tutakuita" na mwisho wa mwezi pesa haikusoma. Hapo tayari ofisi imejikanyaga. Kama wanataka kumshitaki kwa utovu wa nidhamu, anatakiwa apewe tuhuma kwa maandishi, apate muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na aingie kwenye kikao na mwenzake wa kazini au mtu wa chama cha wafanyakazi. Kikao cha bosi, mlinzi na mtu wa HR wakipekua mkoba hakihesabiki.

Jambo lingine ambalo ofisi nyingi zinalichanganya: kosa na ugonjwa ni mafaili mawili tofauti. Mtu aliyesinzia kwa sababu ya dawa aliyoandikiwa hajafanya ukorofi, ana tatizo la kiafya lililogusa uwezo wake wa kufanya kazi siku ile. Kanuni hizohizo za 2007 zinamtaka mwajiri aangalie ukubwa wa tatizo, litachukua muda gani, na kama mtu anaweza kupewa kazi nyepesi au kazi mbadala. Mtangazaji anaweza kuhamishiwa kipindi cha jioni kwa wiki moja. Anaweza kurekodi badala ya kwenda hewani moja kwa moja. Haihitaji bajeti hiyo, inahitaji bosi mwenye subira.

Na likizo ya ugonjwa ipo. Siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, ilimradi ulete cheti cha daktari. Wengi wenu mnaosoma hapa mmeshawahi kwenda kazini na homa ya 39 mkiogopa "kuonekana wavivu" huku siku hizo zote zimekaa tu kama vocha isiyokwanguliwa. Angalizo kwa wageni kazini: mwenye chini ya miezi sita kwa mwajiri hana likizo ya malipo kwa kiwango hicho, na ulinzi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki nao haumfikii. Waajiri wanalijua hilo vizuri sana, ndo maana mikataba ya miezi mitatu mitatu imejaa mjini kama bajaji.

Ubaguzi je? Hapa pana pengo. Sheria inataja ulemavu, inataja VVU, inataja ujauzito na mengine, lakini haina mstari unaosema "usimbague mtu kwa dawa anazotumia". Mwenye selimundu anaweza kujenga hoja kupitia ulemavu, na hoja hiyo inahitaji mwanasheria au mtu wa chama anayejua kazi yake. Wabunge wanaopenda kupiga picha kila Juni 19, Siku ya Selimundu Duniani, wangeweza kuanza na pengo hili badala ya kuishia kwenye fulana.

Lakini kinachouma kuliko vyote kwenye sakata hili ni lile jina la dawa kuvuja. Ndani ya saa chache baada ya mkoba kufunguliwa, picha ya bahasha ilikuwa Insta, jina limefunikwa na emoji ambayo haikufunika kitu. Taarifa za afya ya mtu ni taarifa nyeti kwa mujibu wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inafanya kazi tangu Mei 2023. Taarifa za namna hiyo kwa kawaida hazichakatwi bila ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, na hali zilizoachwa nje ya sharti hilo zimetajwa na sheria. "Watu wanapenda ubuyu" haimo. Ipo Tume inayopokea malalamiko ya aina hii, na waliopiga picha wangefaa kuanza kufuta, ingawa skrinishoti zimeshasambaa.

Bosi ana haki ya kujua kitu gani basi? Ana haki ya kujua kama unaweza kufanya kazi yako salama leo. Hilo ni swali halali kabisa. ED ya daktari inaweza kuandika kwamba mgonjwa asiendeshe mashine au gari kwa siku tano, au asifanye zamu ya usiku, bila kutaja ugonjwa wala dawa. Bosi akipata hiyo amepata anachohitaji. Akianza kuuliza "unaumwa nini hasa, na wa kwenu wanaumwa hivyo?" ameshatoka kwenye usalama kazini ameingia kwenye kamati ya harusi.

Haki hii ina upande wa pili, na mashabiki wa bibie wanaomtetea kwa mapovu wanaukwepa. Kusinzia kwenye maiki ni aibu tu. Kusinzia kwenye usukani wa basi la Mbeya ni misiba. Fundi aliye juu ya jukwaa anafunga taa za tamasha, dereva wa gari la vyombo, mwendesha mtambo wa kreni, hawa hawawezi kumeza tramadol wakanyamaza eti ni siri yao. Cheti cha daktari hakimlindi dereva aliyeshindwa kumudu gari. Mfanyakazi wa kazi ya hatari anayejua dawa inamlevya anawajibika kusema, na akisema anatakiwa apewe kazi nyingine, sio barua. Ofisi zinazofukuza waliosema ukweli ndizo zinazotengeneza madereva wanaonyamaza. Na vidonge vya kuazimwa, "chukua hivi vya mama, vitakusaidia", havimlindi mtu yeyote. Kuchanganya na bia ndo kabisa, maana tramadol na pombe kwa pamoja vinaweza kusimamisha pumzi ya mtu usingizini.

Kuna kundi lingine ambalo halina hata HR wa kuliogopa. Madansa. Wiki hiihii dansa mmoja wa msanii mkubwa amepigwa chini baada ya goti kuvimba kwenye shoo ya mkoani. Menejimenti inasema hakuwa mwajiriwa, alikuwa "mtu wa kuitwa". Miezi minne alikuwa anameza diclofenac kabla ya kila shoo ili goti lishuke, mwisho tumbo likaanza kutoa damu, na bili ya hospitali ikaachwa mlangoni kwake. Diclofenac hailevyi, ndo maana hakuna aliyemuuliza. Lakini inakula tumbo na figo kimyakimya, hasa ikimezwa kila siku bila daktari.

Menejimenti za wasanii zisome Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004. Inamchukulia mtu kuwa mfanyakazi hadi ithibitishwe vinginevyo, ikiwa hata kigezo kimoja tu kati ya vilivyotajwa kimetimia: anapangiwa namna ya kufanya kazi, anapangiwa saa, ni sehemu ya taasisi, amefanya wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, anapewa vifaa, au anamfanyia mmoja tu. Dansa anayefanya mazoezi kila siku kwa ratiba ya menejimenti, anavalishwa na menejimenti na haruhusiwi kucheza kwa msanii mwingine, ametimiza vingapi? Na akiwa mfanyakazi, goti lililoumia jukwaani linaingia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule ambao mwajiri anatakiwa kuuchangia kwa pesa yake mwenyewe.

Bibie wa asubuhi hadi sasa yuko kimya, na watu wake wanasema anasubiri "mambo yapoe". Asisubiri sana. Kama barua ya kuachishwa kazi itafika, ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Fomu anachukua palepale, na bahasha ile ya dawa asiitupe.