Mchuzi Haupikwi kwa Pembe
Wiki hii nimemtazama kwenye simu jamaa mmoja wa Marekani akizunguka na pikapu jimbo hadi jimbo, akiingia maduka ya bunduki na migahawa ya kando ya barabara, akiwashawishi wawindaji wa kulungu wajiandikishe katika shindano lake. Kila alikofika swali lilikuwa lilelile: umewahi kuangusha dume la pembe kubwa kiasi gani? Wazee wenye vizibao vya rangi ya chungwa (majimbo mengi huwalazimisha kuvaa, wasije wakapigana risasi kwa bahati mbaya) walichomoa picha mifukoni kama mababu wanaoonyesha picha za wajukuu. Na hawa hawapimi kwa macho, jamani. Klabu ya Boone and Crockett, aliyoiasisi Theodore Roosevelt mwaka 1887, hutaka pembe zikaushwe siku 60 kabla ya kupimwa rasmi kwa inchi. Mimi nyumbani kwetu nyama ya porini ilihesabiwa kwa sufuria, nikacheka: mchuzi haupikwi kwa pembe. Ila kuna jambo lisilochekesha. Katika majimbo mengi kulungu wamezidi, wanakula mazao ya wakulima na kugongwa na magari, na maofisa wa wanyamapori huwasihi wawindaji wapige majike, maana jike ndiye anayezaa. Shindano linalozunguka nchi nzima kusaka madume ya pembe ndefu linalipa majigambo, halilipi kazi. Kombe ningempa mama yeyote wa jimbo la Wisconsin aliyepiga majike wawili, akajaza friza, na wala hakupiga picha.