Hausigeli wa kuigiza na hausigeli wa kweli

Nimekuwa kimya wiki mbili, test zilinibana halafu bumu nalo likachelewa, na mnajua wenyewe mtu mwenye njaa haandiki. Leo nina jambo limenikaa kooni, mnivumilie.

Mnakumbuka ile bethidei pale geto kwetu Chang'ombe, wana walipoandaa komedi? Mimi nikapewa kuwa hausigeli, eti kwa sababu ni mwembamba. Nikafungwa kanga mbili za jirani, kilemba kichwani, tambara la deki mkononi. Bosi (mshikaji wa Hisabati) akiita "wee binti!" mimi napiga goti, "abee". Watu walicheka mpaka machozi. Na niseme ukweli, nilifurahia, tena si kwa sababu ya makofi tu. Kwa dakika ishirini sikuwa mwanaume anayeulizwa kodi ya chumba itatoka wapi, anayesubiriwa nyumbani apate ajira, ajenge, aoe, asomeshe wadogo. Kazi yangu ilikuwa kuitika basi. Ni raha jamani, asikudanganye mtu.

Kesho yake mshikaji mmoja akanirushia hadithi za Kizungu, akasema hizi zitakufaa. Kumbe ziko kibao, na zinafanana: mwanaume anageuzwa mwanamke, kwa dawa, kwa uchawi, au mkewe kaamua kumwadhibu. Halafu akishageuzwa anapewa kazi gani? Si urubani, si ualimu. Anavalishwa gauni jeusi na aproni nyeupe, anakuwa mtumishi wa ndani. Anafundishwa kupiga magoti, kubeba trei na kunyamaza, na mwishoni anaipenda hali yake mpya. Nilisoma nne. Nikaelewa kwa nini zinapendwa, maana nilishaonja. Sare inamwondolea mtu mzigo wa kuamua. Anaambiwa vaa hiki, simama pale, na akisifiwa anasifiwa kwa kitu kinachoonekana, sakafu imeng'aa. Mwanaume aliyechoka kubeba ukoo mzima kichwani lazima aitamani nafasi hiyo.

Hapo sina ugomvi na mtu. Kuvaa gauni si kosa, na kama kuna mtu ndani ya nafsi yake anajiona mwanamke, hilo ni lake, si la kuchekea. Ugomvi wangu ni huu: KWA NINI HAUSIGELI? Kwa sababu mwandishi akitaka kumshusha mwanaume mpaka chini kabisa, anamweka pale anaposhinda binti wa watu kila siku. Yaani ajira ya binti ndiyo adhabu ya bwana! Na sisi wasomaji tunaona sawa tu.

Msidhani ni mambo ya Wazungu peke yao. Hapa pwani wakubwa wamewahi kujificha ndani ya nguo za kike. Mwaka 1859 kule Unguja, Barghash alikuwa amemwasi kaka yake Sultani Majid, nyumba yake ikazingirwa na askari. Dada zake, Salme na Khole, wakaingia, wakamtoa amefunikwa nguo za kike, macho tu ndiyo yanaonekana, akapita mbele ya askari wale wale. Salme mwenyewe alisimulia kwenye kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani 1886. Barghash akazivua, na mwaka 1870 akawa Sultani. Lakini wanawake waliokuwa watumwa kwenye nyumba zile wao walikuwa na nini cha kuvua? Utumwa wa Unguja ulifutwa kisheria 1897, na hata hapo masuria wakaachwa nje mpaka 1909. Wanawake wa ndani ndio waliofunguliwa mwisho.

Na wale wanaosema kazi hiyo ni ya kike kwa asili, wasome historia kidogo. Enzi za mkoloni hapa Dar, mpishi na mfuaji wa Mzungu kule Oysterbay kwa kawaida alikuwa mwanaume, akiitwa "boi" hata kama ana wajukuu. Oyono wa Kameruni aliandika riwaya yake juu ya boi mwaka 1956. Baadaye huku kwetu kazi ile ikahamia kwa mabinti. Mtafiti Janet Bujra ana kitabu kizima kuhusu mabadiliko hayo Tanzania, kilitoka mwaka 2000. Kwa hiyo kazi yenyewe ndiyo iliyogeuzwa jinsia, na haikuhitaji dawa wala uchawi. Walipatikana wasichana wa kutoka mikoani wanaokubali malipo madogo na wasio na pa kulalamika.

Sasa niwaambie kilichonikaa kooni. Video ya ile komedi ilifika Mbagala kwa dada yangu. Dada aliishia darasa la saba, akaenda kufanya kazi za ndani Mwananyamala miaka minne, kwa watu ambao sitawataja. Sare zangu za kidato cha tano, godoro na nauli ya kwenda bwenini vilitoka kule. Alikuwa analipwa elfu thelathini, wakati amri ya mishahara ya 2013 ilisema 40,000 kwa anayelala kwa mwajiri (Januari 2023 ikapandishwa kuwa 60,000). Miezi mingine hakupewa kitu.

Akanipigia. Nilijua atanigombeza, wala hakugomba. Akaniuliza tu, "Mdogo wangu, mbona mlipomaliza mlikula wote pamoja?"

Nikakosa jibu. Akaendelea, "Mimi pale jina langu walilijua mwezi wa tatu." Kisha akaniuliza kama nimekula.

Basi mimi nasema hivi. Anayependa hadithi hizo aendelee, ila hadithi ifike mwisho wa mwezi. Huyo bwana aliyegeuzwa aamke saa kumi alfajiri, alale jikoni, baba mwenye nyumba amgongee mlango usiku. Aombe mshahara, aambiwe umekatwa kwa ile sahani aliyovunja. Hapo tuone kama sare bado ni tamu. Na sisi walimu watarajiwa tusijifanye hatuhusiki. Tukienda field tutawakuta darasani mabinti ambao mwakani watakuwa jikoni kwa mtu.

Wana wanataka komedi irudiwe kwenye mahafali. Nimewajibu nitacheza kwa sharti moja: hausigeli adai mshahara wake pale jukwaani, na bosi asipate mstari wa kuchekesha wa kumjibu. Mpaka leo hawajakubali, wanasema itaharibu utamu.

Naomba kutoa hoja.