Anayelala na sanduku hana ufunguo

Mwandishi wa makala ya wiki iliyopita ametoa hukumu: mashirika yasiyo ya kiserikali yamewazoesha maskini kukinga mikono, basi yafungashiwe virago. Ushahidi wake ni magari ya kifahari na semina za posho. Hayo yapo, wala simtetei anayejinenepesha kwa jina la yatima. Lakini kuyafuta yote kwa sababu hiyo ni kuchoma nyumba ili kuua panya.

Mwaka 1991, huko Maradi nchini Niger, shirika la CARE lilianza kuwafundisha wanawake kuweka akiba na kukopeshana katika vikundi. Mtaji halikuwapa. Fedha zilikuwa zao wenyewe, na ndivyo ilivyo hata sasa katika vikundi vya aina hiyo vilivyotapakaa Tanzania, Kenya na Uganda. Mwandishi huyo ahudhurie kikao kimoja: sanduku la chuma lina kufuli tatu, funguo ziko kwa wanachama watatu, na yule anayelala nalo nyumbani hana hata mmoja. Kila hisa inagongewa muhuri kwenye kitabu, kwa hiyo hata asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake. Mikopo inarudi na riba, na baada ya takriban mwaka wanagawana. Mkufunzi wa shirika kwa kawaida huwa ameshaondoka. Hapo ombaomba ni nani?

Mwandishi akitaka kubana ruzuku, aanze na zinazoishia kwenye kumbi za hoteli, si na sanduku lisilo na senti ya mfadhili ndani.