KONA YA FUNDI: Gari Linazima Njiani? Uliza Kosa Kabla ya Kununua Spea

Mwezi huu naandika juu ya magari ya zamani, yale ya kabureta na platini, ambayo bado yanatubebea karanga, mihogo na wagonjwa. Wengi mmeniuliza: "Fundi, gari linatembea vizuri, halafu linazima njiani. Likipumzika, linawaka tena. Ni nini hiyo?" Nitawajibu kwa habari ya gari moja. Katika habari hiyo na mimi nilikosea, kwa hiyo msinicheke sana.

Kuna kikundi cha familia tisa huko Lobule, wilaya ya Koboko. Walichanga pesa misimu miwili wakanunua Land Rover Series III ya petroli, injini ya lita 2.25. Aina hiyo ilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, maana yake gari lenyewe ni mzee kuliko dereva wake. Lakini ni gari la kufaa kwetu: bodi ni aluminiamu, haiozi kwa kutu, na injini yake fundi anaifungua kwa spana za kawaida. Hakuna kompyuta ndani.

Safari fupi za kwenda Koboko mjini, hakuna shida. Ila wakienda soko la Arua, karibu kilomita 55 kutoka Koboko, wakifika Maracha gari linakohoa, linapoteza nguvu kwenye mlima, linazima. Wakikaa nusu saa, linawaka. Wakitembea tena kidogo, linazima tena. Siku moja walikuwa wamembeba mama mwenye uchungu wa kuzaa anayepelekwa Arua. Mungu ni mwema, gari lingine lilipita likamchukua, akajifungua salama. Lakini siku hiyo watu waliogopa sana.

Basi wakaanza kununua spea. Fundi wa kwanza akasema koili, wakanunua koili. Wa pili akasema pampu ya mafuta, wakanunua pampu. Halafu wakaniuliza mimi. Nikiwa nimekaa kwenye kiti changu, bila kuliona gari, nikasema: "Hiyo ni kondensa." Wakanunua kondensa. Gari likazima palepale Maracha. Pesa ya karanga ya msimu mzima ikaisha.

Pesa ikiisha, maneno yanaanza. Watu wakamgeukia kijana dereva: eti anauza petroli njiani na kujaza maji. Mnajua hapa kwetu mafuta ya kando ya barabara ni habari ya zamani. Miaka ya 1980 na 1990 Arua ilijulikana kwa vijana walioitwa Opec Boys, waliouza mafuta ya magendo kwenye jerikeni, na wengi wao walikuwa wametoka ukimbizini Zaire na Sudan. Kwa hiyo ilikuwa rahisi kumshuku kijana. Wakataka kumnyang'anya ufunguo.

Kijana hakugombana. Alileta daftari. Kila safari alikuwa ameandika: ametia mafuta kiasi gani, amezima wapi, saa ngapi. Nikasoma nikaona kitu kimoja: tanki likiwa limejaa, gari linazima mapema. Tanki likiwa nusu, linafika mbali zaidi. Kama ni kuiba mafuta, mbona likijaa ndiyo linazima haraka? Nikaona aibu. Nikasema kesho nasafiri nao.

Sasa sikilizeni vizuri utaratibu tuliofuata, maana unafaa kwa gari lolote la petroli la aina hii.

1. Sikiliza jinsi linavyozima. Moto wa plagi ukikatika, injini inakufa ghafla kama taa iliyozimwa. Mafuta yakikosekana, inakohoa kwanza, inavuta kidogo, halafu ndiyo inazima. Hili letu lilikohoa. Hapo tu nilipaswa kujua mapema.

2. Pima moto. Chomoa plagi moja, irudishe kwenye waya wake, ilaze igusane na chuma cha injini, mwenzako azungushe injini. Usishike plagi kwa mkono mtupu, na pasiwe na petroli iliyomwagika karibu. Moto wa bluu wenye nguvu ni mzuri. Ukiwa hafifu na wa njano, angalia platini: safisha, nafasi yake iwe milimita 0.35 hadi 0.40, karibu unene wa kadi ngumu. Hiyo ya kadi ni ya kukufikisha nyumbani tu. Ukifika tafuta geji. Letu lilikuwa na moto mzuri.

3. Pima mafuta. Acha injini ipoe, zima sigara. Fungua bomba linaloingia kwenye kabureta, uliweke ndani ya chupa safi, upige kile kiwiko kidogo cha pampu kwa mkono. Petroli inatakiwa iruke kwa nguvu. Acha chupa itulie: maji yakiwemo yanakaa chini. Letu lilitoa matone mawili, likakauka. Maji hayakuwepo hata kidogo. Hapa ndipo fundi wa pili aliposema pampu imekufa. Lakini pampu ilikuwa mpya!

4. Pima upepo. Hili watu wengi hawalijui. Fungua kifuniko cha tanki, utege sikio.

Nikaenda kwenye tanki. Kumbe juu ya mdomo wake kulikuwa na kavera, imekunjwa mara tatu, imefungwa kwa mpira wa tairi ya baisikeli, halafu kifuniko cha gari lingine kimekandamizwa juu. Lile kavera lilikuwa limevutwa kuingia ndani kama shavu la mtu anayefyonza mfupa. Nikalifungua: fyuuuu! Upepo ukaingia. Nikapiga kiwiko cha pampu, petroli ikaruka. Gari likawaka mara moja, likatufikisha Arua bila kukohoa.

Maana yake ni hii. Jaza jerikeni mafuta ya kupikia, toboa tundu moja dogo upande wa chini. Mdomo ukiwa umefungwa, mafuta yanatoka kidogo yanasimama. Fungua mdomo, yanatiririka. Tanki ni hivyohivyo: petroli ikitoka, hewa lazima iingie mahali pake. Hewa ikizuiwa, tanki linavuta petroli nyuma, pampu inashindwa. Ukipumzika nusu saa, hewa inapenya polepole, gari linawaka. Na tanki likijaa, nafasi ya hewa ni ndogo, ndiyo sababu linazima haraka. Daftari la kijana lilisema kweli tangu mwanzo.

Na kavera nani aliweka? Si dereva. Kifuniko cha asili, chenye tundu lake dogo la hewa, kilipotea. Kile cha kuazima hakikukaza, petroli ikaruka juu ya magunia, na akina mama wakalalamikia harufu. Mama mwenyekiti wa kikundi akakifunga mwenyewe kwa mkono wake, kwa nia njema, na sote tukamshukuru. Hakuna aliyekumbuka kwamba gari lilianza kuzima wiki hiyohiyo.

Wametafuta kifuniko cha kweli Arua. Mkikosa, kateni mpira mnene ukae vizuri chini ya kifuniko, mtoboe mpira pamoja na kifuniko kwa msumari mdogo, tundu moja tu. Lakini hiyo ni ya siku chache, tafuteni chake.

Jumapili mama mwenyekiti alisimama mbele ya watu akamwomba kijana msamaha. Na mimi nikaomba, kwa kondensa yangu. Ufunguo umebaki kwake.

Ninyi wenye magari, shikeni mambo mawili. Kila gari liwe na daftari. Na fundi akikwambia "badilisha hiki", mwambie kwa heshima: "Baba, nionyeshe kwanza kosa." Fundi mzuri hatakasirika. Hata mimi, niulizeni hivyo.

Maswali yenu mwape viongozi wa zoni. Mwezi ujao: kwa nini rejeta inachemka, na kwa nini usifungue kifuniko chake kikiwa na moto. Kwaherini, safari njema.