Tafakari ya Juma: Mlipa Deni Ana Haki ya Kuusoma Mkataba



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuzungumza juu ya fedha. Watakuwapo watakaouliza padre ana shughuli gani na mikopo ya serikali. Jibu letu ni fupi: wanaoilipa ndio hao hao wanaopiga magoti kanisani kila Jumapili, na wengi wao hulipa pasipo kujua.

Tuitazame reli ya SGR. Mwezi Mei 2014 nchi yetu ya Kenya ilikopa takribani dola bilioni 3.2 kutoka Benki ya Exim ya China ili kujenga reli ya Mombasa hadi Nairobi, nayo ikafunguliwa mwishoni mwa Mei 2017. Mkopo mwingine wa dola bilioni 1.5 hivi uliisogeza hadi upande wa Naivasha, ambako treni zilianza kufika Oktoba 2019. Hapo fedha zikakoma na reli ikakoma nayo, mbali na Kisumu, mbali zaidi na mpaka wa Malaba iliokusudiwa kuufikia. Hatusemi kuwa reli ni mbaya. Aliyewahi kukesha ndani ya basi katika barabara ya Mombasa anajua neema ya kufika mzima. Tunachokipinga ni jinsi deni lake lilivyotiwa sahihi gizani, kisha likaletwa mlangoni petu mchana kweupe.

Mkataba ule ulikuwa na sharti la usiri. Wabunge hawakuuona, waandishi wa habari hawakuuona, na raia aliyeuomba aliambiwa kwamba siri hiyo ni ya pande mbili. Mwezi Mei 2022 Mahakama Kuu, katika kesi iliyofunguliwa na wanaharakati wawili, iliamuru serikali itoe nyaraka hizo. Ni Novemba mwaka huo, baada ya serikali kubadilika, ndipo sehemu yake ilipowekwa hadharani. Miaka minane! Mtoto aliyezaliwa siku ya sahihi alikuwa tayari anasoma shule ya msingi.

Na tulipofunguliwa tulikuta nini? Karibu nusu ya mkopo ule wa kwanza haukuwa wa masharti nafuu. Ulikuwa wa kibiashara, na riba yake ilipanda na kushuka kwa kufuata kiwango cha soko la dunia kilichoitwa LIBOR, pamoja na nyongeza ya asilimia 3.6. Mwaka 2014 kiwango hicho cha soko hakikufika hata asilimia 1, hivyo riba yote ilikuwa chini ya asilimia 5. Kufikia 2023 kiwango peke yake kilikuwa kimepita asilimia 5, na riba yote ikakaribia 9. Tena deni lilihesabiwa kwa dola, ilhali sisi twavuna shilingi. Mwaka 2014 dola moja ilinunuliwa kwa shilingi 88 hivi. Januari 2024 ilifika kama 160. Muuza mboga wa Kongowea hakuongeza hata senti moja katika deni lile, lakini katika mfuko wake lilikaribia kuwa maradufu. Oktoba 2025 serikali ilitangaza kuwa imeyahamisha madeni haya ya reli kutoka dola kwenda yuan ili kupunguza riba. Twaipongeza kwa hilo. Ila twauliza: hatari ambayo waziri wa 2025 aliiona, ingeonwa mapema kiasi gani kama mkataba ungesomwa bungeni mwaka 2014?

Kulikuwa na fungu jingine zito zaidi kwa watu wa pwani. Mamlaka ya Bandari ilijifunga kupeleka relini kiasi maalumu cha mizigo kila mwaka, na kikipungua, ilipe pengo. Ndiyo maana haikutushangaza Agosti 2019 ilipotolewa amri kwamba makontena yaendayo Nairobi yapande treni. Madereva wa malori, makuli, mawakala wa forodha, akina mama wa vibanda vya chakula kuanzia Mariakani hadi Mtito Andei: wote walikuwa wameshafungwa na karatasi ambayo hawakuwahi kuiona. Waliandamana Mombasa wakiitwa wapinga maendeleo. Amri hiyo ilitanguliwa Septemba 2022, rais mpya alipoirudisha kazi ya kutoa mizigo bandarini Mombasa.

Wengine hupenda kumtupia Mchina lawama zote. Sisi hatumo katika wimbo huo. Mkopeshaji hutafuta faida yake, iwe Beijing, London au Washington, na hakuna aliyetushika mkono tutie sahihi. Hata ule uvumi kwamba bandari ya Mombasa imewekwa rehani, watafiti waliozichambua nyaraka wamesema sivyo. Lakini nani awalaumu walioamini? Palipofichwa mkataba, uvumi ndio uliosomwa.

Na wapo, hata miongoni mwa waamini wetu, wanaosema tusubiri msamaha. Kweli, Papa Yohane Paulo II aliomba madeni ya nchi maskini yapunguzwe kwa ajili ya Jubilei ya mwaka 2000, na Papa Fransisko akarudia ombi hilo kwa Jubilei ya 2025. Nasi tunaliunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo itazameni Zambia: ilifutiwa sehemu kubwa ya deni lake mwaka 2005 na 2006, na kufikia Novemba 2020 ilikuwa imeshindwa kulipa riba ya hatifungani zake. Kilichofutwa kilikuwa deni. Tabia ya kukopa ilibaki mahali pake. Somo la msamaha linahubiriwa sana kwa mkopeshaji, na somo la uwazi halihubiriwi kwa mkopaji. Nehemia, katika sura ya tano ya kitabu chake, hakuwakemea wageni. Aliwakemea wakuu wa watu wake mwenyewe, mbele ya mkutano, walipowatoza ndugu zao riba hata wakaweka rehani mashamba yao.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 201, inataka uwazi katika fedha za umma, na inataka mzigo na manufaa ya mikopo yagawanywe kwa haki kati ya kizazi hiki na kijacho. Vijana waliojaza barabara Juni 2024 kupinga mswada wa fedha walikuwa kizazi hicho kijacho, kimeshafika, kimeletewa hati ya malipo.

Sasa serikali imetangaza nia ya kuiendeleza reli hadi Kisumu na Malaba. Tunaiombea ifike. Lakini wabunge wetu, ambao huketi viti vya mbele kila siku ya harambee, tuwaulize kabla ya sahihi, kwa majina yao, nje ya mlango wa kanisa ikibidi: mkataba uko wapi, riba ni ya namna gani, unalipwa kwa fedha ipi, na ni nani ameahidiwa mizigo yetu?