Besi ya fundi wetu isitegemee betri

Mpwa wangu alinijia mwezi uliopita akiwa na karatasi mkononi. Amekubaliana na fundi mmoja wa mbao hapa Eldoret amtengenezee gitaa la besi la nyuzi nne, mwili wa mvule na shingo ya mahogani, na fedha zimetolewa na dada yangu baada ya kuuza mahindi. Kwenye karatasi hiyo alikuwa ameandika vifaa vya umeme anavyotaka viagizwe kutoka ng'ambo: pikapu mbili, sakiti ya kukuza sauti yenye kutumia betri mbili, na vitufe sita vya kuzungusha. "Mjomba, nataka besi ya kisasa," akanieleza. Nilipojumlisha gharama nikaona kwamba vifaa hivyo vingemeza fedha nyingi kuliko mbao na jasho la fundi vikiwekwa pamoja.

Si yeye peke yake. Tangu Eldoret ilipotangazwa kuwa jiji mnamo Agosti 2024, naona vijana wengi zaidi wakitafuta riziki kwa muziki wa harusi, makanisa na michango, na kila mmoja anaamini kwamba besi isiyo na betri ni ya kizee. Mimi nimepiga besi kwa miaka mingi, na napingana nao.

Asiye mwanamuziki akisikia neno pikapu hufikiria gari la kubebea viazi. Hii ya gitaa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma unapotetemeka juu yake, mkondo hafifu wa umeme huzaliwa katika waya ule na kupelekwa kwa amplifaya. Hakuna betri inayohitajika. Ndivyo ilivyofanya kazi besi ya Fender Precision ilipotokea mwaka 1951. Taabu ni kwamba waya huo hunasa pia mvumo wa umeme wa nyumba, ambao hapa Kenya huenda mizunguko 50 kwa sekunde. Kila aliyepiga gitaa katika ukumbi wenye taa za mirija anaujua mvumo huo.

Dawa yake ilipatikana zamani. Mwaka 1957 pikapu ya Precision iligawanywa vipande viwili, kimoja chini ya nyuzi mbili nene na kingine chini ya mbili nyembamba, waya na sumaku za kimoja zikiwa kinyume cha kingine. Mvumo unaoingia pande zote mbili hujiua wenyewe, na sauti ya nyuzi hubaki. Besi ya Jazz Bass ya mwaka 1960 ina pikapu mbili, na mvumo wake hupungua zote zikifunguliwa sawasawa. Ukiishusha moja, mvumo hurudi. Haya ndiyo mambo ya kuulizwa kabla ya kuhesabu vitufe.

Sakiti ya betri nayo ina faida zake, sibishi. Music Man StingRay ya mwaka 1976 ilikuwa mojawapo ya besi za kwanza za kiwandani kuuzwa ikiwa na kikuza sauti ndani yake, na sauti yake kali ilipendwa duniani kote. Kitufe cha besi ya kawaida kinaweza tu kupunguza ukali, ilhali sakiti huweza kuongeza sauti nene na nyembamba, tena huiwezesha sauti kupita katika kebo ndefu bila kufifia. Kwa mpigaji wa studio, hilo ni jambo kubwa.

Lakini nani kati yetu ameketi studio? Nilialikwa kupiga katika harusi moja nje ya mji, nikiwa na besi ya betri niliyoiazima. Besi za namna hiyo huwaka mara tu kebo inapochomekwa, na mimi nilikuwa nimeiacha kebo humo tangu mazoezi ya Ijumaa. Bibi harusi alipokuwa akiingia, sauti ilianza kukwaruza, ikawa nyembamba kama ya redio iliyozama majini, kisha ikanyamaza. Kijana alitumwa madukani. Alirudi na betri za tochi. Ile ya mraba ya volti 9 haikuwapo. Nilisimama nimekumbatia gitaa bubu hadi wageni walipokwenda kula. Kosa lilikuwa langu, lakini besi yenye swichi ya kuiruka sakiti ingenisitiri.

Tena muziki wetu haudai unene huo unaonunuliwa kwa bei ghali. Besi ya benga haijifichi nyuma ya ngoma; hutembea na kujibizana na gitaa la solo. Msikilize Tom Malanga katika "Sina Makosa" ya Les Wanyika: kila noti yasikika wazi. Ukiiongezea besi unene kupita kiasi, spika ndogo za uwanjani hutetemeka tu na noti hupotea.

Iko hoja moja dhidi yangu ambayo siwezi kuipuuza. Ili besi ya kawaida itulie, nyuzi zake huunganishwa na waya wa ardhi kupitia amplifaya. Mitambo ikiwa na hitilafu, mpigaji aliyeshika nyuzi na kugusa maikrofoni hugeuka daraja la umeme. Mwaka 1972 mpigaji gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows aliuawa hivyo jukwaani huko Swansea, Wales. Baadhi ya pikapu za betri, kama za EMG, hazihitaji nyuzi kuunganishwa na ardhi, na kwa mtu anayehama kutoka jenereta hii hadi ile, huo ni ubora wa kweli. Hata hivyo, haziponyi mtambo mbovu. Nimewaona kwa macho yangu mafundi wa sauti wakikata waya wa ardhi kwenye plagi ili kuua mvumo. Huko ni kuchezea maisha ya watu, na wenye kukodisha mitambo wanapaswa kukataa kabisa.

Tulibishana na mpwa wangu kwa jioni mbili. Mwishowe tulikubaliana kuhusu pikapu moja iliyogawanywa, vitufe viwili, na bati jembamba la shaba ndani ya tundu la nyaya ili kuzuia mvumo. Fundi atachonga nafasi mgongoni pa kutilia sakiti siku fedha zikipatikana, pamoja na swichi ya kuiruka. Sehemu ya fedha zilizobaki imenunua kipimaji cha soketi za umeme, na kijana amenung'unika kwamba kifaa hicho hakitoi hata noti moja.